Kihisi au barua ya muuguzi? Uchambuzi wa jaribio la CHAMPION

Mgonjwa analala chali juu ya mto. Ndani ya mto huo mna antena, na kando yake kuna kisanduku chenye kitufe. Anabonyeza, anatulia, anapumua kama kawaida. Muda mfupi baadaye shinikizo la damu lililomo ndani ya ateri ya mapafu yake limeshasomwa na kutumwa kwa daktari aliye mbali. Hakuna sindano wala waya uliopita kwenye ngozi. Zamani namba hiyo ilipatikana kwa njia moja tu: mgonjwa alazwe mezani, katheta, yaani mrija mwembamba, ipitishwe kwenye mshipa, ipenye moyoni na kutokea upande wa pili. Na ilipopatikana, ilikuwa namba ya siku hiyo moja. Kesho yake hakuna aliyejua imepanda au imeshuka.

Kwa anayependa mitambo midogo, ile inayotengenezwa kwa mbinu za viwanda vya chipu na kuitwa kwa kifupi MEMS, simulizi lingeweza kuishia hapo kwa makofi. Mimi kilichonivuta ni kilichofuata. Kifaa hiki kilijaribiwa kwa wagonjwa 550 nchini Marekani, katika jaribio lililoitwa CHAMPION, kikapima kama kilivyoahidiwa, wagonjwa waliosimamiwa kwa vipimo vyake wakalazwa mara chache zaidi, na bado mwaka 2011 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya huko, FDA, likasema halijaridhika kwamba kinafaa. Hakuna aliyesema kihisi kibovu. Kilichowazuia ni barua pepe za wauguzi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, moyo kushindwa kufanya kazi, maana bila huo kifaa hakieleweki. Upande wa kushoto wa moyo unapochoka kusukuma, damu inayotoka mapafuni inakosa nafasi mbele, inarudi nyuma na kutuama. Shinikizo kwenye mishipa ya mapafu linapanda, na likizidi, maji yanaanza kuvuja kuingia kwenye tishu za mapafu. Hapo ndipo mgonjwa anapobanwa na pumzi, anashindwa kulala bila kuinuliwa kwa mito mitatu, na mwishowe anapelekwa hospitali usiku. Anapewa dawa ya kutoa maji kwa mshipa, anakojoa lita kadhaa, anapata nafuu, anarudi nyumbani. Baada ya wiki chache mzunguko unaanza upya.

Njia ya kawaida ya kuuvunja mzunguko huo ni mizani. Mgonjwa ajipime kila asubuhi, na akiona amepanda ghafla apige simu. Ushauri huo ni mzuri, ila mizani ni shahidi mchelewaji. Shinikizo la mapafu huanza kupanda siku nyingi, pengine wiki kadhaa, kabla ya dalili. Uzito huweza kubaki palepale muda wote huo, kwa sababu damu inaweza kuhama kutoka kwenye mishipa ya tumbo na kuelekea kifuani bila mwili kuongezeka hata gramu moja. Mizani inakuambia maji ni mengi kiasi gani. Yako wapi, haikuambii.

Sasa kifaa. Asili yake haiko hospitalini kabisa. Mark Allen, mhandisi wa chuo cha Georgia Tech, alikuwa akishughulikia vihisi vya shinikizo visivyo na waya kwa ajili ya injini za turbini, mahali penye joto ambalo waya na betri haviwezi kustahimili. Mwaka 2001 yeye na daktari wa moyo Jay Yadav walianzisha kampuni iitwayo CardioMEMS. Kihisi chao cha kwanza kuruhusiwa, mwaka 2005, hakikuwa cha moyo. Kiliwekwa ndani ya uvimbe wa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, uliokwisha kutibiwa, ili ijulikane kama bado unabanwa na damu. Cha ateri ya mapafu kilikuja baadaye.

Kichukue mkononi, kwa kufikiria tu. Urefu wake ni milimita 15, karibu sawa na ukucha wa kidole gumba. Upana milimita 3.4 na unene milimita 2. Kila ncha ina kitanzi chembamba cha nitinoli, ile aloi ya nikeli na titani inayokunjwa ndani ya katheta na kurudia umbo lake ikiachiwa. Vitanzi hivyo hutanuka na kuegemea ukuta wa mshipa, kihisi kisichukuliwe na mkondo. Mwili wake ni silika iliyoyeyushwa, yaani kioo safi sana, uliofunikwa kwa silikoni. Ndani ya kioo kuna uwazi uliofungwa kabisa, na ndani ya uwazi huo kuna koili, yaani waya uliozungushwa, na bamba mbili zinazotazamana za kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme. Basi. Hakuna betri wala chipu ya kufanya hesabu.

Kinachosogea ni kimoja tu: ukuta mmoja wa kioo ni mwembamba, na damu ikiusukuma unabonyea kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Bamba zinakaribiana, uwezo wa kapasita unapanda, na masafa ambayo sakiti ile hupenda kutetemeka yanashuka. Antena iliyo ndani ya mto ule wa kulalia hurusha mpigo mfupi wa mawimbi ya redio, koili inaitikia, na mwitikio wake unafifia taratibu huku antena ikiusikiliza. Ni kama kugonga chungu kwa kidole ili kujua kwa sauti kama kina ufa, tofauti ni kwamba hapa unagonga kutoka nje ya mbavu, na sauti unayoisikiliza inabadilika kila moyo unapopiga.

Kuna jambo dogo ambalo wanaokisifia kifaa hiki hulipita, na mimi nalipenda. Uwazi ule umezibwa, kwa hiyo kihisi hakipimi shinikizo la damu peke yake. Kinapima damu pamoja na hewa yote iliyo juu yetu. Hewa ni kama milimita 760 za zebaki usawa wa bahari, ilhali namba tunayoitafuta ni milimita 20 hivi. Unatafuta kitu kidogo kilichopandishwa juu ya mgongo wa kitu kikubwa kinachobadilika na hali ya hewa. Ukihama kutoka ghorofa ya chini kwenda ya 10, shinikizo la hewa hushuka kwa zaidi ya milimita 2, na kwa mgonjwa huyu milimita 2 ni habari. Ndiyo maana kisanduku cha nyumbani nacho kina kipimahewa chake, hewa itolewe kabla namba haijatumwa. Ujanja wote wa kioo kile ungekuwa kazi bure bila kifaa cha bei rahisi kilichokaa nje.

Kukiweka, daktari hupitia mshipa wa paja, hupanda hadi moyoni, na kukiacha kwenye tawi la ateri ya pafu la kushoto, huku katheta ya kawaida ikitoa vipimo vya kulinganishia. Mgonjwa huenda nyumbani na dawa za kuzuia damu kuganda, mbili kwa mwezi mmoja, kisha aspirini.

Kabla yake kulikuwa na kaka yake aliyeshindwa. Kifaa kiitwacho Chronicle nacho kilipima shinikizo ndani ya moyo, kwa waya uliounganishwa na kisanduku chenye betri chini ya ngozi. Jaribio lake, COMPASS-HF, lilikuwa na wagonjwa 274. Matukio ya moyo kuzidiwa yalipungua kwa asilimia 21, lakini tofauti hiyo ingeweza kuwa ya bahati tu, na mwaka 2007 washauri wa FDA walikikataa. Vipimo vyake vilikuwa sahihi. Madaktari walikuwa nazo namba, ila itifaki haikuwabana wazifanyie nini. Kumbuka hilo, maana ndilo pengo ambalo walioipanga CHAMPION walijaribu kuliziba, na katika kuziba wakafungua tundu lingine.

CHAMPION iliandikisha wagonjwa 550 kati ya 2007 na 2009 katika vituo 64. Wote walikuwa wa daraja la III, yaani wanaochoka kwa kazi ndogo za nyumbani, na wote walikuwa wamelazwa kwa ajili ya moyo angalau mara moja katika mwaka uliotangulia. Wote 550 waliwekewa kihisi. Wote walilala juu ya mto kila siku. Kura ikawagawa: kwa wagonjwa 270 madaktari waliziona namba, kwa 280 namba zilikusanywa bila daktari kuziona. Mgonjwa hakujua yuko upande gani. Hapa nawavulia kofia, kwa sababu majaribio ya vifaa mara nyingi hulinganisha mtu mwenye kifaa na mtu asiye nacho, halafu yanashangaa kwamba mwenye kifaa anajisikia vizuri zaidi.

Safari hii madaktari walipewa shabaha. Shinikizo la chini la ateri ya mapafu liwe kati ya milimita 8 na 20 za zebaki, la wastani kati ya 10 na 25. Likizidi, ongeza dawa ya maji au ya kutanua mishipa. Likishuka mno, punguza.

Baada ya miezi 6 kundi la tiba, lile ambalo namba zake zilionekana, lilikuwa na kulazwa kwa ajili ya moyo mara 84, kundi la kulinganisha mara 120. Kwa kiwango cha kila mgonjwa ni pungufu ya asilimia 28. Kwa lugha ya wodini, watu kama 8 wakisimamiwa kwa kihisi kwa nusu mwaka, kulazwa kumoja kunaepukwa. Matatizo yaliyosababishwa na kifaa au mfumo wake yalikuwa 8, na hakuna kihisi hata kimoja kilichoharibika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011, na Desemba ya mwaka huohuo jopo likakaa. Kuhusu usalama walikubali. Kuhusu ufanisi, wengi walipiga kura ya kukataa.

Kilichotokea ni hiki. Ili madaktari wasizembee kama kwenye jaribio la Chronicle, wauguzi wa upande wa kampuni walifuatilia namba za kundi la tiba, na pale shinikizo lilipokuwa juu bila kufanyiwa kitu waliwaandikia madaktari wa mgonjwa huyo kuwakumbusha na kupendekeza hatua. Kundi la kulinganisha halikupata barua za namna hiyo. FDA ikauliza swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaliona la kichokozi: mmepima kihisi, au mmepima kihisi pamoja na muuguzi mwerevu anayemsukuma daktari? Siku kifaa kitakapouzwa, muuguzi huyo hatakuwemo kwenye boksi.

Nimewasikia wahandisi wakilicheka swali hilo. Hoja yao ni kwamba bila kihisi muuguzi asingekuwa na cha kuandika; barua ilikuwa tundu tu ambamo namba ilipita. Kuna takwimu moja inayowapa nguvu: katika miezi 6 ile dawa za kundi la tiba zilibadilishwa mara 2,468, za kundi la kulinganisha mara 1,061. Yaani kama mara 9 kwa mgonjwa mmoja dhidi ya karibu 4. Njia kutoka kwenye kioo hadi kwenye kidonge inaonekana waziwazi.

Lakini takwimu hiyohiyo inakata pande zote mbili. Mgonjwa ambaye dawa zake zinatazamwa upya mara 9 katika miezi 6 anaangaliwa vizuri kuliko wagonjwa wengi wa moyo popote. Je, mabadiliko yote yale yaliitwa na shinikizo, au mengine yaliitwa na ile hali tu ya kuwa na mtu anayepiga hodi kwenye sanduku la barua la daktari? Anayeuza mizani hakuuzii pamoja nayo mtu wa kukuamsha ujipime. Na COMPASS-HF ilikuwa imeshaonyesha kwamba namba sahihi inaweza kukaa kwenye skrini na mgonjwa akalazwa vilevile.

Kwa maoni yangu FDA ilikuwa na haki, na kosa lilikuwa la muundo, si la nia mbaya. Lingeweza kuepukwa. Kundi la kulinganisha nalo lingepewa wauguzi walewale, waandike barua kwa kutumia uzito na dalili badala ya shinikizo. Hapo tofauti iliyobaki ingekuwa ya kihisi peke yake. Ni gharama, ndiyo, na ni kazi ngumu kuificha siri ya kura huku barua zikienda pande zote. Lakini kampuni iliishia kulipa kwa njia nyingine: miaka miwili na zaidi ya kusubiri.

Kilichowaokoa ni sehemu ya pili ya jaribio, ambayo wakati wa kupanga huenda ilionekana kama nyongeza. Kipindi cha kura kilipokwisha, namba za wagonjwa wote zilifunguliwa. Barua za wauguzi zikakoma. Sasa wale waliokuwa kundi la kulinganisha, wakiwa na kihisi kilekile kilichokuwa kifuani mwao tangu siku ya kwanza, waliangaliwa na madaktari wao kwa namba zao wenyewe. Kulazwa kwao kukashuka kwa asilimia 48 ukilinganisha na walivyokuwa namba zilipofichwa. Na waliokuwa kundi la tiba, baada ya kunyang'anywa wauguzi, hawakurudi juu.

Nikisoma hayo naelewa kwa nini upepo uligeuka, ila nisiyatie chumvi. Kipindi cha pili hakikuwa na kundi la kulinganisha la wakati uleule. Mtu anayefika kipindi hicho ni yule ambaye hakufa na hakujitoa, na wagonjwa mahututi ndio hutangulia kutoka kwenye hesabu. Waliobaki ni wagumu kidogo kwa asili yao, na sehemu ya ile asilimia 48 ni yao. Kiasi gani, takwimu hizi haziwezi kutenganisha. Pia kulikuwa na suala la wanawake: walikuwa kama robo tu ya washiriki, na katika uchambuzi wa FDA faida iliyoonekana kwa wanaume haikuonekana kwao. Kundi dogo hudanganya kirahisi pande zote mbili, kwa hiyo sijengi juu yake. Naliweka mezani kwa sababu wanawake wenye ugonjwa huu si robo ya wagonjwa wodini.

Jopo la pili likakaa Oktoba 2013, na Mei 2014 kifaa kikaidhinishwa. Mwaka huohuo St. Jude Medical ikainunua kampuni, na mwaka 2017 Abbott ikainunua St. Jude. Mauziano hayo hayana somo kubwa la kitabibu, isipokuwa moja: sasa kulikuwa na mfuko wa kugharimia jaribio kubwa zaidi.

Jaribio hilo, GUIDE-HF, liliingiza wagonjwa 1,000 kwenye sehemu yake ya kura, safari hii hata wa daraja la II na la IV. Kama CHAMPION, wote waliwekewa kihisi. Matokeo ya 2021 yakawa kikombe kichungu: kwa jumla ya vifo, kulazwa na ziara za dharura katika miezi 12, tofauti haikutosha kuitwa tofauti. Vifo havikupungua. Katikati ya ufuatiliaji ilikuwa imeingia UVIKO-19, na kundi la kulinganisha ndilo lililobadilika, likawa na matukio machache kuliko kabla ya janga. Walipokata takwimu kwenye siku janga lilipoanza, upungufu wa asilimia 19 ulijitokeza, ukiwa umevuka kwa shida tu mstari ambao wanatakwimu hutenganishia tofauti na bahati. Anayekipenda kifaa atasoma sentensi ya pili, asiyekipenda atasoma ya kwanza. Mimi naona kioo kilekile, koili ileile, mapigo yaleyale ya redio; kilichotikisa matokeo ni watu waliokuwa hawaangaliwi kwa namba.

Halafu mwaka 2023 ikaja MONITOR-HF ya Uholanzi, wagonjwa 348 katika vituo 25. Kulazwa kwa ajili ya moyo kulipungua kwa asilimia 44, na ubora wa maisha, ambao ndio uliokuwa kipimo kikuu, ulipanda kwa wenye kihisi. Takwimu hizo ni nzuri kuliko za CHAMPION. Ila hapa kundi la kulinganisha halikuwekewa chochote, na hakuna kilichofichwa. Dodoso la ubora wa maisha lilijazwa na mtu aliyejua fika kwamba kila anapolala juu ya mto ule, kuna muuguzi mahali fulani anayesoma namba yake.